Mwongozo wa Mfadhili Mgeni Anayeelekea Kibomet

Kama umetoka Nairobi kwa gari la usiku, sasa hivi umesimama stendi ya Kitale ukitetemeka, kwa kuwa hakuna aliyekuambia kwamba mji huu uko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari na alfajiri yake haina huruma. Kama umetoka Minnesota, Doha au Birmingham, huenda wewe ni mtoto wa hapa hapa: umechangisha kanisani na kazini, una kiasi fulani mfukoni na kingi zaidi moyoni. Mwongozo huu unawahusu nyote wawili, maana makosa yenu yanafanana kuliko nyuso zenu.

Unakoelekea ni Kibomet, pembezoni mwa mji, mahali ambapo nyumba za kupanga zinapakana na mashamba ya mahindi na kila mwaka mahindi yanarudi nyuma kidogo. Huko utamkuta mwenye eka tatu akiishi ukuta kwa ukuta na mtu asiye na hata pa kuchomeka kitunguu. Sokoni utasikia Kibukusu, Kisabaoti, Kikikuyu na Kiturkana kabla hujamaliza kununua nyanya.

Utaambiwa umefika kwenye ghala la chakula la Kenya. Ni kweli. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa hapa Kitale mwaka 1956, na mahindi chotara ya 611, yaliyogeuza kilimo cha nchi nzima, yalitoka kwa watafiti wa mji huu mwaka 1964. Kwa hiyo ukija na wazo la kuwafundisha watu hawa kupanda mahindi, utasikilizwa kwa adabu kubwa. Adabu hiyo ndiyo hatari yako ya kwanza. Hakuna atakayekuambia unapoteza muda. Watakupigia makofi, watakupa kuku, na mwakani watakuonyesha shamba la mfano ambalo lingeota hivyo hivyo hata kama ungebaki kwenu.

Jambo linalomchanganya mgeni ni kwamba ghala hilo lina njaa yake. Mahindi hupandwa mvua za Machi na Aprili, huvunwa kuanzia Oktoba, na mengi huuzwa kabla Januari haijaisha, wakati bei iko chini na karo ya shule iko juu. Ikifika Juni, mtu ana mahindi shambani yaliyofika kiunoni na sufuria tupu jikoni. Aliyevuna magunia Novemba ananunua gorogoro moja moja dukani, kwa bei maradufu. Ukifika Desemba utaona neema na kuandika ripoti ya neema. Wafadhili wengi husafiri Desemba.

Chagua shida ukiwa kwenu

Kuwauliza wenyeji wanachohitaji kunapoteza muda. Watakutajia mambo yasiyosisimua: chokaa ya shambani, nauli ya kumfikisha mama mjamzito hospitali, tairi la pikipiki, fundi wa pampu iliyoletwa na mfadhili aliyekutangulia. Hayo hayachangishi pesa. Chagua shida inayopendeza kwenye picha, kisha itafutie kijiji.

Mfano bora wa njia hii uko kaskazini mwetu, ukifuata barabara inayotoka Kitale kwenda Lodwar. Wanorwe walipotaka kuwasaidia Waturkana, walitazama Ziwa Turkana lenye samaki, wakatazama wafugaji wenye njaa, wakajumlisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakajenga kiwanda cha kugandisha samaki huko Kalokol, wakatengeneza na barabara ya kuwapitisha samaki hao kusini. Kiwanda kilifanya kazi siku chache. Kugandisha samaki katika joto la Turkana, na kupata maji safi ya kuwaoshea, kuligharimu zaidi ya bei ya samaki wenyewe. Baadaye Ghuba ya Ferguson ikakauka, na mwaka 1990 Kenya na Norwe zikavunja uhusiano wa kibalozi kwa ugomvi usiohusu samaki hata kidogo. Watu wa Kalokol waliendelea kukausha samaki juani. Hakuna aliyekuwa amewauliza wanafikiria nini juu ya barafu.

Usidhani hayo ni ya kale. Mwaka 2006, kwa shangwe kubwa huko Marekani, ziliahidiwa dola milioni 16.4 za kueneza PlayPump Afrika kusini mwa Sahara: bembea ya kuzunguka ambayo watoto wanaichezea na maji yanapanda tangini. Lengo lilikuwa bembea 4,000. Mwaka 2009 gazeti la The Guardian la Uingereza lilipiga hesabu, likagundua kwamba ili kila bembea itoe maji kwa watu wote waliotajwa kwenye matangazo, watoto wangelazimika kucheza saa 27 kwa siku. Walioishia kuizungusha ni akina mama, wakiwa wameinama, bila kuona raha yoyote ya mchezo huo.

Siku ya mapokezi

Siku ya kukupokea ni siku ambayo hakuna atakayepalilia. Utaketishwa kwenye kiti cha plastiki kilichovishwa kitambaa cha kufuma, chini ya hema la kukodi. Hema hilo limelipiwa. Ukiuliza limelipiwa na nani utajuta, kwa hiyo usiulize. Watasimama mzee wa mtaa, naibu wa chifu, mchungaji, na mtu aliyetumwa na mwakilishi wa wadi, kila mmoja akianza kwa kutangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akiizingatia upya kuanzia mwanzo. Kunywa soda polepole. Hutapewa nyingine, na hotuba ziko sita.

Ukiletewa kitabu cha wageni, usikimbilie kutia sahihi. Fungua kurasa za nyuma, maana hakuna maktaba itakayokupa historia ya maendeleo ya mtaa kama kitabu hicho. Usishangae ukikuta kwamba mwaka fulani alikuja mtu wa sungura, kabla yake mtu wa uyoga, kabla yake mtu wa kware, na mwingine wa vyerehani. Kwenye safu ya maoni wote wameandika maneno yale yale: kazi nzuri, endeleeni. Uliza kwa upole sungura wako wapi. Kimya kitakachofuata ndiyo tathmini ya mradi, na hukuilipia hata senti.

Kuhusu nauli. Mtu akija kwenye mafunzo yako hurudishiwa nauli, na hili wageni huliita ufisadi mara tu wanapolielewa. Lakini mama aliyeacha kibanda chake cha mboga saa tano nzima ili akusikilize amepoteza mauzo ya siku, na wewe unayemlaumu umelipwa mshahara kwa saa hizo hizo. Mlipe. Ila ujue pia kwamba ukilipa zaidi ya mradi wa jirani, utampata kila mtu Jumatano na jirani hatampata yeyote. Na jirani huyo huenda ni kliniki.

Kikundi ulichokikuta

Kosa tamu kuliko yote ni kudhani unaanzisha kikundi. Kibomet, kama mitaa yote ya Kitale na Bungoma, ina vikundi kabla hujashuka garini: vya kuzika, vya kununuliana sufuria na mablanketi, vya kulima kwa zamu, vya kukopeshana. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022 inataka watu kumi tu na katiba. Cheti hutolewa na ofisi ya maendeleo ya jamii, na mara nyingi kimewekwa kwenye fremu sebuleni kwa mwenyekiti, juu ya televisheni.

Nenda ukaone kikao cha akiba, ukae nyuma. Katikati ya duara kuna sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa akina mama watatu wasioishi nyumba moja, wasio na undugu, na ambao, kwa busara ya katiba, hawapendani kupita kiasi. Wakifika wote watatu ndipo sanduku linafunguka. Mweka hazina anatoa pesa, anazihesabu kwa sauti. Mwingine anazihesabu tena. Hisa zinaandikwa kwenye kitabu cha kila mwanachama. Mfuko wa jamii, wa ugonjwa na msiba, umefungwa kwenye kitambaa chake peke yake ili usije ukachanganyika na mikopo. Aliyechelewa analipa faini, ambaye simu yake imelia analipa faini, na anayebisha faini analipa nyingine. Kabla ya kufunga, wote hutamka kwa pamoja kiasi kilichobaki ndani, ili wiki ijayo hata asiyejua kusoma awe na rekodi kichwani. Nimeona mashirika yenye wakaguzi wa hesabu kutoka Westlands, Nairobi, yasiyo na ulinzi huo.

Sasa ukitaka kukiua kikundi hicho, usikiibie. Kitilie pesa nyingi kwa mkupuo.

"Mama, nataka niwaongezee laki tano mfanye mambo makubwa."

"Mwanangu, kaa kwanza unywe chai. Hiyo laki tano ni ya nani?"

"Ni yenu, mama."

"Basi kama ni yetu, mbona unaitaja kwa sauti mbele ya vijana wa boda boda?"

Chunguza swali la kwanza la mama huyo, maana la pili ni la usalama tu. Pesa za sandukuni kila mtu anazijua zimetoka wapi: hizi ni za nyanya, hizi ni za kufulia watu nguo. Anayekopa anakopa jasho la jirani na atakutana naye kisimani. Mkopo wa pesa za mgeni husamehewa mioyoni kabla haujatolewa. Wiki hiyo hiyo utaona wanachama wapya, wengi wao wanaume, utasikia uchaguzi wa viongozi umerudiwa, na mwenyekiti mpya atakuwa mtu anayejua kuandika ripoti kwa Kiingereza.

Kuna aliyepita njia tofauti, na hakupita mbali. Mwaka 2006 Mmarekani Andrew Youn, akiwa bado mwanafunzi wa biashara, alianzia Bungoma shirika la One Acre Fund kwa familia zisizofika hamsini. Hakuwapa wakulima kitu bure: aliwakopesha mbegu na mbolea, akawafikishia karibu na nyumbani, akataka walipe kidogo kidogo na kwa vikundi. Leo wakulima wa huku wanalijua kwa jina la Tupande, na unaweza kuwa na malalamiko yako juu yake. Lakini mkulima anayelipa ana haki ya kununa mbegu zikichelewa, na ananuna kweli kweli. Anayepewa bure hununa akifika kwake.

Chakula

Leta mbolea. Ndivyo wafadhili wengi wanavyofanya, na serikali pia, hadi mwaka 2024 ilipobainika kwamba baadhi ya magunia ya ruzuku yaliyouzwa kwa wakulima hayakuwa na mbolea ya maana. Lakini hata mbolea halali inaweza kukuangusha. Udongo wa sehemu nyingi za kaunti hii ya Trans Nzoia una asidi, na miaka mingi ya kutia mbolea ile ile ya DAP imeizidisha. Mmea unapewa chakula kwenye sahani iliyofunikwa. Unahitajika kupima udongo, jambo linaloweza kufanywa hapa hapa Kitale kwenye kituo cha utafiti cha KALRO, kisha utie chokaa. Chokaa haipigiki picha. Ni unga mweupe juu ya ardhi nyekundu, haina mtoto anayetabasamu nayo, na matokeo yake huonekana baada ya misimu. Nitashangaa sana ukiichagua.

Ukishindwa na shamba, leta mtaalamu wa bustani ndogo kwa ndege. Atafundisha kuchimba tuta hadi sentimita 60, kutengeneza mboji, kupanda kwa kubananisha na kutunza mbegu za kienyeji. Washiriki watamwandikia kila kitu. Baadhi yao wataandika kwa mkato, kwa kuwa chuo cha Manor House kimekuwa kikifundisha mambo hayo hayo hapa Kitale tangu 1984, na kuna bibi mmoja kwenye safu ya mwisho ambaye mwanawe alisoma huko na mgongo wake bado unalikumbuka lile tuta.

Kuhusu mboga, nasaha yangu ni brokoli. Mtaa tayari una sukuma wiki, kunde, saga, managu na mrenda. Watu wanajua managu hupikwa kwa maziwa uchungu ukaisha, na mrenda hulainishwa kwa munyu unaochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Mboga hizi huota kwenye gunia lililojazwa udongo mlangoni, hata kwa mpangaji asiye na shamba. Zina madini ya chuma na vitamini nyingi kuliko kabichi. Kwa kuwa haya yote yanajulikana, mfadhili anakosa la kuvumbua, ndiyo maana nasema brokoli.

Ukitaka kuharibu raha ya mwongozo huu, soma habari za viazi lishe. Kati ya 2009 na 2014 mradi wa Mama SASHA uliendeshwa Bungoma na Busia, chini ya Kituo cha Kimataifa cha Viazi na washirika wake. Vitamini A ilikuwa haba kwa watoto na akina mama, na kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa kinayo tele: kipande cha gramu 125 kinamtosha mtoto mdogo kwa siku. Mradi ungeweza kugawa marando kutoka nyuma ya lori, kama ilivyozoeleka. Badala yake ulikwenda kliniki. Mama mjamzito aliyefika kupimwa alipewa ushauri wa lishe na vocha; vocha hiyo aliipeleka kwa mkulima wa karibu aliyekuza marando, akapewa akapande. Mkulima alilipwa kwa vocha alizokusanya, kwa hiyo alitaka marando yake yawe mazuri na aliwafahamu wateja. Wahudumu wa jamii waliendesha vikundi vya wajawazito vya kila mwezi. Kliniki ilipata wateja kwa ajili ya viazi, viazi vikapata walaji kwa ajili ya kliniki.

Jambo dogo ambalo wageni hulidharau ni kwamba watu wazima wa huku wanataka kiazi kikavu, chenye unga, kinachokwama kidogo kooni hadi ushushie na chai. Viazi vya chungwa vya awali vilikuwa na majimaji, na hakuna hotuba ya lishe iliyoweza kuvitetea mezani. Aina mbili zilizotumika, Kabode na Vita, zilitoka Uganda, kwenye kazi ya Robert Mwanga na wenzake waliokaa miaka wakitafuta kiazi chenye rangi ya daktari na ukavu wa bibi. Mwaka 2016 Mwanga alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis. Andaa hotuba yako ukijua hilo: kiazi kilichompa tuzo kilikuwa kimeukubali ulimi wa mlaji.

Neno la haraka juu ya orodha. Ukigawa chakula kwa majina, jua nani ameandika majina hayo. Hii ni kaunti ya watu waliokuja kutoka kila upande, kwa kununua ardhi, kwa kugawiwa, kwa kufukuzwa kwingine. Mwaka 2008 uwanja wa maonyesho wa Kitale ulijaa mahema ya waliokimbia makwao baada ya uchaguzi. Watu hawajasahau nani alikuwa kwenye orodha gani. Hapa sina mzaha.

Afya

Kibomet haina upungufu wa watu waliofunzwa kunawa mikono. Kuna akina mama wenye vyeti vitatu vya kunawa mikono, na ukianza somo watakusahihisha hatua ya nne. Shida yao ni maji.

Mtaa pia una mhudumu wa afya ya jamii, ambaye utajaribiwa sana kutomwona. Alikuwepo kwa miaka mingi akijitolea. Septemba 2023 serikali ilimzindua upya yeye na wenzake, zaidi ya 100,000 nchi nzima, kila mmoja na begi lenye mashine ya presha, kipima sukari, kipimajoto, mizani na utepe. Posho yake ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti, na nusu hizo mbili hazijui kusafiri pamoja.

Mtazame akifanya kazi. Mtoto wa mwaka na nusu amepakatwa na mamaye. Mhudumu anashika mkono wa kushoto, anatafuta katikati ya bega na kiwiko, anapitisha utepe na kuuvuta hadi uguse ngozi bila kuibana. Kijani, mtoto yuko salama. Njano, kati ya sentimita 11.5 na 12.5, ataangaliwa. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na hapo habishani na mtu: anaandika rufaa, anaita boda boda, na nauli mara nyingi inatoka mfukoni mwake. Kisha anauliza, kama anapiga soga tu, jana mlikula nini. Jibu analijua tayari. Ukuta wa mabati hauzuii harufu, wala kukosekana kwa harufu.

Sasa mharibie. Ajiri vijana wako, wape fulana zenye nembo yako na posho mara mbili ya yake, kwa miezi kumi na minane. Baada ya muda mfupi naye atavaa fulana hiyo, atajaza fomu zako, na daftari la kijiji litasubiri. Mradi ukiisha, utaondoka na takwimu na yeye atabaki na fulana.

Au leta mashine. Utafiti wa Perry na Malkin wa mwaka 2011 ulikuta kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa vya hospitali katika nchi maskini vilikuwa havifanyi kazi. Nawe unaweza kuchangia takwimu hiyo kwa kuleta kifaa chenye plagi ya Marekani, kisicho na kijitabu wala vipuri. Hakika kitazinduliwa kwa utepe na mkasi. Kuna njia nyingine ya kutumia pesa hizo, isiyo na mkasi: bima ya afya ya serikali, SHA. Mtu asiye na mshahara hulipa angalau shilingi 300 kwa mwezi, lakini anatakiwa kuzilipa za mwaka mzima pamoja, yaani 3,600. Muuza mboga anaweza kupata 300. Ni 3,600 ya mara moja inayomshinda, na lile sanduku la kufuli tatu linaweza kumkopesha. Hilo halihitaji hata uje.

Utashauriwa pia usitoe kitu bure, kwa kuwa watu hawathamini wasicholipia, na huenda hata mimi nimekupa wazo hilo hapo juu kwenye mikopo ya mbolea. Kwenye afya lipime upya. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walilijaribu katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, kwa vyandarua, na wakachapisha matokeo mwaka 2010. Chandarua kilipowekewa bei, hata ndogo ya chini ya dola moja, wengi mno waliacha kukichukua. Na waliopewa bure walikitundika sawasawa na walionunua. Mbu hakuuliza risiti. Ile hekima ya kwamba maskini akipewa bure atavulia samaki kwa chandarua ilikuwa imetamkwa na watu wasiolala chini ya chandarua.

Kuna jaribio jingine lililofanyika papa hapa Trans Nzoia kuanzia 2017, Chama cha MamaToto, kupitia mpango wa afya wa AMPATH wa Eldoret. Wajawazito walikutanishwa kwa vikundi chini ya wahudumu wa jamii, wakapata somo la afya, somo la kijamii, na akiba ya mezani. Siwezi kukuchangamsha kwa habari hiyo. Ni akina mama wameketi wanaongea na kuhesabu pesa, na walikuwa wanajua kufanya yote mawili.

Picha

Piga chache. Mtoto mwenye kamasi ana jina na shangazi mwenye Facebook.

Kuondoka

Sehemu hii wafadhili huifanya kwa ustadi. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kabla siku hizo hazijaisha maelfu ya wafanyakazi wa afya wa Kenya walikuwa wamerudishwa nyumbani. USAID yenyewe ilifungwa rasmi Julai mosi. Kliniki za virusi vya ukimwi zilizokuwa na vyumba vyake, makarani wake na faili zake ziliambiwa zijiunge na foleni ya kawaida. Mtu aliyezoea kumpigia mshauri wake simu akakuta simu haipokelewi. Aliyetunga namna hiyo ya kuaga hakuhitaji mwongozo wangu.

Wewe si Marekani, lakini una mkataba wa miezi kumi na minane, na pengine mkubwa wako amekukataza kuitaja tarehe ya mwisho ili watu wasikate tamaa. Itaje siku ya kwanza, kabla ya soda. Utaona jinsi mipango inavyobadilika: hakuna atakayetaka jokofu la chanjo ambalo umeme wake utalipwa na hewa, ila wataulizia mabomba, marando, na mafunzo ya yule fundi wa pampu.

Na kama baada ya haya yote bado unazo zile laki tano, kikao ni Jumanne saa nane mchana. Njoo kwa miguu, keti kwenye benchi, ongea ikifika ajenda ya mengineyo. Mweka hazina atakuuliza tena ni za nani. Wakizikubali, huenda watachukua elfu hamsini na kukuomba nyingine ukae nazo hadi watakapoziita; ukubali bila kununa. Risiti itaandikwa kwa jina la kikundi. Ukichelewa, faini ni ile ile ya wote.